Mcheza Kwao Alipwe

Kijana wa Kimaka, hapa Jinja, anayeanza kushika gitaa huuziwa uongo wa aina mbili kabla hajajua hata kulikaza nyuzi. Nyumbani anaambiwa muziki si kazi, ni ulevi wa watu wasiopenda kuamka mapema. Akitoka nje anakutana na wahubiri wa ndoto, redioni, kwenye semina, hata madhabahuni, wakimwambia aache kila kitu afuate kipaji chake, milango itafunguka. Ule wa nyumbani unaumiza, lakini mwishowe kijana huuzoea kama anavyozoea mengine yote ya wazazi. Huu wa pili ndio nataka tuuvue nguo hadharani, kwa sababu una watu wanaokula nao.

Wanaokula nao ni wale wanaohitaji mwanamuziki mwenye njaa. Mwenye njaa hapangi bei.

Kila mpiga muziki wa Jinja anaijua ile simu. Inaingia katikati ya wiki, sauti imejaa bashasha: ndugu yangu, tuna shughuli Jumamosi hapa ukingoni mwa Nile, bajeti ya muziki kwa kweli hatuna, ila wakubwa watakuwepo, utajulikana. Shughuli hiyo hiyo ina bajeti ya hema. Ina bajeti ya viti vilivyovishwa kitambaa cheupe, ya mpishi, ya mpambaji, ya mpiga picha anayerusha droni juu ya mto. Mwenye hema hajawahi kuambiwa kwamba hema lake litajulikana. Mwenye kuku hajawahi kuombwa achinje kwa ajili ya jina. Ni mpiga muziki peke yake anayetakiwa ashibe sifa. Na kwa kuwa amehubiriwa kwamba kipaji ni mbegu na bure ni mvua, anakubali. Anapakia spika kwenye bodaboda kutoka Mpumudde, anapiga mpaka vidole vinawaka moto, anapewa soda na sahani ya pilau nyuma ya jiko, na usiku wa manane anambembeleza bodaboda amrudishe nyumbani kwa mkopo.

Mimi ni mmoja wao. Napiga gitaa la besi, na mchana naandika vitabu vya hesabu katika ghala la vifaa vya ujenzi. Sioni haya hata chembe. Kuna hoteli ambayo bendi yetu ilikuwa ikipiga kila Ijumaa, na malipo yakawa yanapungua wiki hadi wiki, kila mara kwa kisingizio kipya: wageni wachache, meneja amesafiri, subirini mwisho wa mwezi. Mimi nilisema basi, sirudi. Wenzangu wakaendelea kwenda. Kwa ujasiri hatukupishana hata kidogo. Tofauti ilikuwa moja tu: kodi yangu ya nyumba ilikuwa imelipwa na mabati na misumari, yao ilikuwa ikiisubiri hiyo hiyo Ijumaa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Kazi ya mchana, shamba, duka, cherehani, chaki, vyovyote vile, humpa mwanamuziki kitu ambacho hakuna promota atakayempa: uwezo wa kusema hapana. Asiye na uwezo huo si huru, hata akiwa na sauti ya malaika. Anayemwambia kijana aache kazi aje apige bure anamnyang'anya silaha, kisha anamwita shujaa.

Watu wa Busoga tusijifanye hatujui haya. Tazameni yaliyoipata bigwala. Bigwala ni baragumu za vibuyu, tano au zaidi, na kila moja ina noti moja tu. Mtu mmoja hawezi kuupiga wimbo. Kila mpulizaji anaingiza noti yake kwa zamu, na kwenye zamu hizo ndimo wimbo unamozaliwa, huku ngoma zikishikilia chini na watu wakizunguka kwa kucheza. Ulikuwa muziki wa Kyabazinga, mfalme wa Busoga, wa kusimikwa kwake na wa mazishi yake. Ikulu ndiyo iliyoita, ikulu ndiyo iliyolisha. Kisha ikaja Katiba ya 1967, tawala za jadi zikafutwa nchini kote, na aliyekuwa akiita akanyamaza. Kyabazinga alirudi katika miaka ya 1990, lakini muziki haukumsubiri kwenye kabati. UNESCO ilipoiweka bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, mwaka 2012, mabingwa waliobaki wenye ujuzi wa kutengeneza, kupuliza na kuicheza walikuwa wazee wanne. Wanne, katika Busoga yenye mamilioni ya watu.

Wapenzi wa utamaduni hulilia bigwala kwa kusema vijana wamepotoka, wanapenda mambo ya kigeni. Acheni kuwasingizia vijana. Kijana gani angetumia miaka yake kujifunza kupuliza noti moja ya muziki ambao mnunuzi wake pekee amefutwa na katiba? Mapenzi hayakukosekana. Wale wazee wanne ni ushahidi kwamba mapenzi yalikuwepo na yalidumu bila kulishwa. Kilichokosekana ni shilingi, na mpango wa shilingi kutoka sehemu zaidi ya moja. Muziki uliotegemea mlango mmoja ulikaribia kufa mlango huo ulipofungwa.

Sasa vukeni Tirinyi mpaka Mbale, mkamwangalie mtu aliyefanya kinyume. J.J. Keki ni mwanamuziki wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda wanaoishi katika vilima vinavyouzunguka mji ule. Albamu ya muziki wa Abayudaya iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003 ilifika hadi kuteuliwa kugombea tuzo ya Grammy. Kwa wahubiri wa ndoto, hapo ndipo mtu angeuza shamba, akahamia mjini kuisubiri milango. Keki ni mkulima wa kahawa. Septemba 11, 2001 alikuwa New York, na yale majengo pacha yakaanguka siku ile ile aliyokuwa amekwenda kuyazuru. Aliporudi nyumbani alipita kwa majirani mlango kwa mlango, Waislamu, Wakristo na Wayahudi, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera. Wakapata mnunuzi Marekani, kampuni ndogo ya California, aliyekubali kuwalipa kwa masharti ya biashara ya haki.

Na hawakuacha kuimba. Waliimba kahawa yenyewe: kuichuma, kuiuza, bei yake, kuishi na jirani wa dini nyingine. Wanawake na wanaume wa ushirika wakafanya makundi ya kuimba vijijini mwao, na mwaka 2013 nyimbo hizo zikatoka kama albamu ya pili kwa lebo ile ile ya Smithsonian. Hebu mtu aniambie hapa kazi imeua nini. Kahawa ililipa ada za watoto, na kahawa hiyo hiyo ikawapa cha kuimba. Mwimbaji anayejua bei ya kilo moja ya kahawa ana mengi zaidi ya kuwaambia watu wa Elgon kuliko anayeimba magari ya kifahari ambayo hajawahi kukalia viti vyake.

Najua jibu litakalokuja. Mshika mbili moja humponyoka. Nimeambiwa methali hii mara nyingi, hasa na watu wenye nyumba za kupangisha, duka na shamba la miwa kwa pamoja, ambao hawajawahi kuona chochote kikiwaponyoka. Lakini Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alitoka Fumba akiuza vyungu mjini Unguja, na sauti yake ilijulikana kwanza kwa kuinadi bidhaa hiyo barabarani. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri zilizosambaa pwani nzima. Bi Kidude alipaka watu hina, akafunda wari unyago, akatibu kwa miti shamba, akaimba mpaka uzeeni, na mwaka 2005 akapokea tuzo ya WOMEX bila kuacha hata moja kati ya hayo. Kule Marekani, Charles Ives alikuwa na kampuni yake ya bima New York, akitunga usiku na mwisho wa wiki muziki ambao wakati wake wachache waliuelewa, na mwaka 1947 akapewa tuzo ya Pulitzer. Kwa kuwa hakuwa akila kwa muziki huo, hakulazimika kuulainisha ili mtu aununue.

Ila sitaki kudanganya upande wa pili. Kazi ya mchana inakula muda, na muda ni misuli ya mpiga muziki. Siku nilizotoka ghalani nimechoka, besi yangu husikika imechoka. Kuna kiwango cha ustadi ambacho mtu wa Jumamosi pekee hakifikii. Afrigo Band, iliyoundwa Kampala mwaka 1975, imefika ilipofika kwa kuwa na jukwaa la uhakika wiki baada ya wiki na hadhira inayolipa mlangoni. Hao walikaa kwenye muziki kwa sababu muziki uliwaweka. Kwa hiyo sisemi kila mtu akalime kahawa. Nasema anayemtaka mwanamuziki wa muda wote na alipe mshahara wa muda wote. Kama hawezi, afunge mdomo kuhusu kujitolea.

Na jambo hili liliwahi kufanyika, hapa hapa Afrika Mashariki, kwa lugha hii ninayoiandika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Umoja wa vijana wa chama cha TANU ukawa na Vijana Jazz. Jeshi likawa na Mwenge Jazz. Shirika la bima likawa na Bima Lee. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kikawa na Urafiki Jazz, wanamuziki na mafundi wa nguo kwenye orodha moja ya mishahara.

Hilo la Urafiki ndilo linaniuma zaidi kama mtu wa Jinja. Sisi nasi tulikuwa na viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, umeme ukaja, na kiwanda cha nguo cha Nyanza kikasimama ng'ambo ya mto pale Njeru. Kiwanda hicho, Nytil, kiliivalisha Uganda. Miwa ya Kakira, bia ya Nile, shaba iliyoyeyushwa hapa hapa mjini: kwa miaka mingi Jinja ilikuwa mji wa ving'ora vya zamu. Bendi za uajiri wa namna ile ya Tanzania ziko wapi katika historia ya viwanda vyetu? Mji uliojaa wafanyakazi kutoka Kenya, Kongo, Acholi na Teso, Kiswahili kikiwaunganisha kambini na kiwandani, ulikuwa umeiva kabisa kwa jambo hilo. Viwanda vingi vikaja kufa, na vilivyobaki au kufufuka vinanunua matangazo ya redio yanayopigwa juu ya muziki wa mtu mwingine.

Mshahara peke yake nao hautoshi, na Watanzania wanalijua hilo kwa uchungu. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA Jazz tangu mwanzo wake, nyimbo zake zikapigwa redioni vizazi na vizazi. Mwaka 2013 alipostaafu, Diamond Platnumz, kijana wa kizazi cha simu, alimpa gari kama zawadi. Watu walishangilia, na zawadi ilikuwa njema. Mimi nilihisi kama nimepigwa kofi. Mtu aliyeimbisha taifa zima kwa nusu karne anapata gari kwa huruma ya mwenzake, wakati kila redio iliyompiga ilikuwa na deni lake. Alifariki Aprili mwaka uliofuata.

Deni hilo huku kwetu lina sheria. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ni ya mwaka 2006. Inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuna chama cha kukusanya mirabaha, UPRS, kilichoanza katika miaka ya 1980. Baa inayopiga muziki, hoteli, redio, basi la Kampala, wote hao wanatumia mali ya mtu. Nendeni mkawaulize watunzi wa Walukuba na Mpumudde, wale ambao nyimbo zao zinapigwa kila harusi, ni lini mara ya mwisho mirabaha iliwalipia hata kilo ya sukari. Sheria tunayo, lakini haifiki Kimaka, kama vile barabara ya lami inavyoishia kwenye nyumba ya diwani.

Matokeo ya njaa hii hayaishii kwa mwanamuziki. Yanakuja mpaka kwenye kura yako. Mwaka 2015 kundi la wasanii wakubwa wa Uganda walirekodi wimbo wa Tubonga Nawe kumuunga mkono Rais Museveni katika uchaguzi uliofuata. Mashabiki wengi waliwakasirikia, wakasusia maonyesho yao. Kila mtu ana haki ya chama chake na sina ugomvi na msanii anayeimba anachoamini. Lakini tuulizane: msimu wa kampeni unapofika Jinja au Mbale, malori yenye spika yanapopita, kijana asiye na kodi ya mwezi ana nafasi gani ya kuchagua aimbe kwa ajili ya nani? Asubuhi anamwimbia huyu wa njano, jioni huyu wa nyekundu, na wote wawili wanamlipa kwa fulana. Kisha sisi tunamcheka kwamba hana msimamo. Msimamo una gharama, na gharama yake huanzia kwenye unga.

Korona ilituonyesha haya yote bila pazia. Maonyesho yalifungwa Machi 2020, na baa na burudani za usiku hazikufunguliwa mpaka Januari 24, 2022. Karibu miaka miwili. Wachinjaji waliuza, wajenzi wakajenga, makanisa na masoko vikafunguliwa kwa awamu, na sisi tukawekwa mwisho wa foleni, kana kwamba tulikuwa anasa. Namjua mpiga kinanda aliyeacha kazi yake ya useremala muda mfupi kabla ya hapo, baada ya kuombewa na kuhakikishiwa kwamba mwaka wake umefika. Aliuza kinanda, kisha akauza meza ya kinanda. Leo amerudi kwenye randa na msumeno, na mikono yake ikishika kinanda cha mtu kanisani, wote tunanyamaza. Waliomhubiria hawajawahi kurudi kumwomba radhi.

Msiniambie mteja wa Uganda mashariki hana utamaduni wa kulipa muziki. Anao, na ni wa zamani. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu, sherehe ya tohara ya Wagisu, inapozinduliwa Mutoto mwezi Agosti, familia hukodi wapiga ngoma za kadodi. Mzee wa boma hukaa na kiongozi wa kundi, bei inatajwa, siku zinahesabiwa, njia za kupita kwa wajomba na mashangazi zinapangwa, chakula cha wapigaji kinawekwa kwenye hesabu. Ngoma zinavishwa begani kwa mikanda, kijana aliyepakwa unga anatangulia akirukaruka, na msafara unatembea kilima hadi kilima. Hakuna baba wa Bugisu anayemwambia mpiga kadodi kwamba atajulikana. Anajua bila kadodi mwanawe hafiki kwenye kisu kwa heshima, kwa hiyo analipa.

Hata ulimwengu unalipa. Embaire ya Nakibembe, vipande vikubwa vya mti vilivyolazwa juu ya migomba na kuchimbiwa shimo chini ili mlio upate tumbo, wapigaji wakikaa pande zote mbili kwenye ala moja, ilitolewa kama albamu na Nyege Nyege Tapes mwaka 2023 na imewapeleka wanakijiji wa Busoga kwenye majukwaa ya Ulaya. Tamasha la Nyege Nyege lenyewe limekuwa likijaza vitanda vya Jinja tangu 2015. Mwenye hoteli anajua vizuri kabisa kwamba muziki una thamani, kwa sababu wiki ya tamasha hupandisha bei ya chumba. Ni thamani hiyo hiyo anayoisahau Ijumaa ya kawaida, mpigaji akiwa mtoto wa jirani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Jinja imeigeuza: mcheza kwao ndiye anayeombwa bure.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa Kimaka na wa Namatala kule Mbale: shikeni kazi, na mshike ala. Msione haya mkimpa mtu bei yenu mkiwa bado na vumbi la saruji mikononi. Andikeni makubaliano, hata kama ni ujumbe wa simu. Sajilini nyimbo zenu. Msikubali mtu yeyote, awe promota au mchungaji, awashawishi muache kinachowalisha kabla hajaweka mezani mkataba wenye tarakimu na sahihi.

Nawaambia madiwani wa miji ya Jinja na Mbale, ambao leseni za baa na kumbi za burudani zinapita mikononi mwao: msiihuishe leseni ya mtu ambaye hajaonyesha risiti ya mirabaha.  Kama mnadai risiti ya takataka na ya zimamoto, daini na ya muziki.

Na wewe msomaji unayepanga harusi au kwanjula, ile sherehe ya utambulisho ukweni: kabla hujalipia hema, mpigie kiongozi wa bendi, muulize bei. Ikikuzidi, mwombe apunguze saa za kupiga au idadi ya wapigaji, mpatane kama watu wazima. Siku mnayokubaliana, mtumie nusu ya malipo. Nusu ya pili mpe mkononi Jumamosi hiyo hiyo, kabla vyombo havijapakiwa.